Kupakia hema la barafu kwenye pikapu ukiwa peke yako

Hema la barafu ni la kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda. Lile la kupindua, ambalo sakafu yake ni sleji ya plastiki (chombo cha kuburutwa juu ya theluji) na turubai lake hulala nyuma ya viti, limeundwa liburutwe. Halikuundwa libebwe. Mtu mmoja hulivuta kilomita nzima juu ya ziwa la Mille Lacs huko Minnesota, Marekani, bila taabu, kisha akaumia kiuno mbele ya sm 90 tu, ambazo ndizo kimo cha kawaida cha mlango wa nyuma ulioshushwa wa pikapu kubwa inayoendeshwa na magurudumu yote manne. Kwa mvuvi wa peke yake nafuata kanuni moja: uzito wote usiwe mikononi hata kwa sekunde. Upande mmoja wa sleji uwe umelala juu ya kitu wakati wote.

Tuanze na uzito. Hema la watu wawili likiwa tupu huwa na kilo 45 hadi 65 kutegemea muundo. Watu wengi hupakia vyote vikiwa ndani: mtungi wa gesi wa ratili 20 (ukijaa una kilo 16 au 17 pamoja na chuma chake), keekee ya kutobolea barafu, hita, betri, ndoo ya samaki. Hapo umeshapita kilo 90 bila kujua. Toa kila kitu. Safari tatu za kubeba vitu vidogo ni nafuu kuliko mnyanyuo mmoja mbaya.

Uzito mwingine hauonekani. Maji yaliyotuama juu ya barafu huchanganyika na theluji yakawa uji, na uji huo hushika chini ya sleji na kuganda. Pindo la turubai nalo huwa limezikwa kwenye theluji kutwa nzima. Kabla ya kukunja, acha hita iwake hadi turubai likauke kwa ndani, lipigepige litoe vipande vya barafu, ndipo urudishe nguzo. Nguzo zikigoma kuingiana ni barafu kwenye maungio. Zipashe moto kidogo, usizipige teke, maana zikipinda hazirudi kama zilivyokuwa. Kisha simamisha sleji kwa ubavu na uigonge chini kwa nyundo ya mpira. Usitumie shoka wala nyundo ya chuma, kwa sababu plastiki iliyokaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hupasuka kirahisi, hasa kwenye kona.

Sasa pima gari. Bodi, yaani sehemu ya mizigo, ikiwa fupi kwenye pikapu kubwa ina urefu wa futi 5.5, yaani sm 168, ya wastani ina futi 6.5 (sm 198), na ndefu ina futi 8 (sm 244). Sleji ya watu wawili mara nyingi hupita sm 168, hivyo kwenye bodi fupi mlango wa nyuma utabaki umelala njia nzima. Upana ndio huwashangaza wengi. Kati ya yale matuta ya magurudumu ndani ya bodi, pikapu kubwa ina karibu sm 127, lakini nyingi za ukubwa wa kati kama Toyota Tacoma zina takriban sm 105 hadi 114. Sleji ya sm 115 haitagusa sakafu ya gari kama hilo. Itakalia matuta na kuyumba. Dawa yake ni mbao mbili za kukinga, kimo sawa na matuta, zilale kwa mapana ya bodi, moja mbele na moja nyuma.

Sakafu yenyewe lazima iteleze. Mkeka wa mpira ni mzuri kwa kubeba mifuko, ila kwa kazi hii ni adui. Tandika juu yake karatasi ya plaiwudi ya mm 12 inayofika hadi ukingo wa mlango. Plaiwudi hiyo hufunika pia ule mwanya kati ya bodi na mlango wa nyuma, mahali ambapo zile pao za plastiki ngumu zilizofungwa chini ya sleji hupenda kunasa. Funga plaiwudi kwa kamba kwenye pete za bodi, ama sivyo itaingia ndani pamoja na sleji.

Njia ya mikono mitupu inafaa kwa hema la hadi kilo 60 hivi. Leta pua ya sleji hadi igusane na gari, chuchumaa, nyanyua pua kwa miguu yako na uiweke juu ya mlango. Hapo umebeba nusu, kilo 30. Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kukimbilia nyuma mara moja. Pua ikiwa ukingoni tu, nyuma napo kuna kilo 30 zinazokungoja, na utazibeba huku unasukuma. Badala yake, kaa ubavuni na uivute sleji kwa ndani kadiri iwezekanavyo. Kwa sleji ya sm 190 ambayo uzito wake umegawanyika sawa, ukiingiza sm 40 upande wa nyuma hushuka hadi kilo 22. Ukiingiza sm 60, zinabaki 16. Ni wenzo tu: kila sentimita inayovuka ukingo inahamisha mzigo kutoka kwako kwenda kwa gari.

Ndiyo maana nashauri uitafute nukta ya mizani nyumbani kabla ya msimu. Laza sleji iliyokunjwa juu ya bomba la plastiki, isogeze hadi isimame yenyewe bila kuinama, kisha bandika utepe mwekundu ubavuni mahali hapo. Usidhani itakuwa katikati, kwa kuwa viti na turubai huvuta uzito nyuma. Siku ya kazi, utepe ukishavuka ukingo wa mlango sleji italala yenyewe, na kilichobaki ni kusukuma.

Kwa hema zito zaidi, au kiuno kilichokwisha lalamika, tumia rampu (njia ya mteremko ya kupandishia mzigo) na winchi (kifaa cha kuvuta kwa kuzungusha mkanda au waya). Rampu ya alumini ya mita 2.4 kwa kimo cha sm 90 inadai nguvu ya kilo 22 kwa mzigo wa kilo 60, na msuguano ukijumlishwa inafika thelathini na kitu. Rampu ya mita 1.5 kwa kimo kilekile inadai 36, na pamoja na msuguano hufika 45 hivi. Tena kwenye rampu fupi sleji hukwama juu, tumbo likiwa ukingoni na ncha zote mbili hewani. Winchi ya mkono ya trela la boti inatosha kabisa. Ifunge kwa bolti kwenye boriti iliyokingamana mbele ya bodi, na utumie mkanda badala ya waya wa chuma, kwani waya ukikatika huchapa. Grisi nzito huganda kwenye baridi hadi kile kijino cha kuzuia mzunguko kisirudi mahali pake. Isafishe, tia mafuta mepesi.

Rampu isipofungwa kwenye gari hukimbia. Mguu wake uko juu ya barafu, na sleji ikianza kupanda huisukuma nyuma. Mnyororo au mkanda kutoka kila upande wa rampu hadi kwenye gari si hiari. Wakati winchi inavuta, usisimame chini ya sleji ukiisaidia. Ikirudi, inarudi juu yako.

Chini ya miguu mwaga mchanga. Eneo la kushukia ziwani husuguliwa na matairi hadi ling'ae. Vyuma vya viatu vya kung'ata barafu ni lazima, lakini vivue kabla ya kukanyaga mlango wa gari, maana chuma juu ya chuma huteleza kuliko soli tupu. Kama ardhi ina mwinuko, rudisha gari nyuma kuuelekea. Kila sentimita ambayo ardhi inapanda ni sentimita usiyoinyanyua. Kupakia juu ya ziwa lenyewe ni suala la unene wa barafu: mwongozo wa idara ya maliasili ya Minnesota unataka inchi 13 za barafu mpya iliyo safi kwa pikapu ya kati, na 16 hadi 17 kwa ile nzito. Pungufu ya hapo, buruta hema hadi ufukweni.

Kufunga mzigo: mikanda miwili ya racheti (ile ya kukazwa kwa mkono wa chuma) yenye kulabu, mmoja ukivuta mbele na mmoja nyuma, yote ikipita juu ya sleji. Tuliozoea mipira ya tairi kule Afrika Mashariki tuiache, kwa sababu mpira hunyumbuka na upepo wa barabara kuu huingia chini ya kifuniko na kulinyanyua hema lote. Hita iache ipoe nje kwanza, la sivyo itayeyusha turubai. Mtungi wa gesi usimame wima kwenye bodi, valvu ikiwa imefungwa, kamwe usiwe ndani pamoja na abiria.

Kushusha hufuata njia hiyohiyo kinyumenyume, ila sasa sleji inataka kukimbia. Usifungue mkanda wa mbele kabla hujaishika kwa winchi, au kwa kamba iliyozungushwa mara mbili kwenye pete ya bodi. Vuta hadi utepe mwekundu ukaribie ukingo, shuka, shika nyuma, na uiteremshe hadi iguse ardhi kabla ya kuvuta pua itoke. Kisha lifungue hema gereji siku hiyohiyo hata kama umechoka. Turubai lililokunjwa na unyevu huota ukungu.