Patisheni ni masale tu: kugawa hadidiski kubwa kwenye Linux

Juzi kati dogo mmoja wa Majengo kaniletea mashine yake hapa Moshi, kanuna kweli, anasema "kaka nimepigwa, nimelipia diski ya tera nne mangi wa dukani kanipa ya mbili." Dogo anapiga picha za harusi na kipaimara, kwa hiyo ile diski ndo ofisi yake. Nikafungua teminali nikaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski na patisheni zake: diski inasoma 3.6T, patisheni iliyo ndani yake inasoma 2T. Aisee hajapigwa mtu hapo. Aliigawa kwa jedwali la zamani basi, na wengi wanakwama palepale kwa sababu hawajawahi kuambiwa patisheni ni kitu gani.

Chukulia kihamba, shamba la ukoo la Wachaga. Mzee akitaka kuwagawia watoto hapasui udongo, anapanda masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, kuanzia hapa mpaka pale migomba ya mkubwa, kule ya mdogo, ardhi ni ileile. Patisheni ndo hivyohivyo, hamna kinachokatwa ndani ya diski, ni maandishi tu yanayosema kipande hiki kinaanza sekta (vile vijisehemu vidogo vya diski vyenye namba) namba fulani kinaishia namba fulani, na hayo maandishi ndo jedwali la patisheni, linakaa mwanzoni mwa diski. Ndo maana hata ukilifuta kwa bahati mbaya migomba haijang'olewa, data ziko palepale, na programu kama testdisk inaweza kuitafuta mipaka ya zamani ikairudisha, ilimradi hujaanza kuandika vitu vipya juu yake.

Sasa hizo tera mbili zinatoka wapi. Jedwali la zamani linaitwa MBR, la mwaka 1983 lile, enzi za mfumo wa DOS 2.0, wakati hadidiski ya megabaiti 10 ilikuwa mali ya kujivunia. Namba za sekta linaziandika kwa biti 32, kwa hiyo haliwezi kuhesabu zaidi ya sekta 4,294,967,296, na kila sekta ni baiti 512, zidisha unapata baiti 2,199,023,255,552. Wino umeishia hapo. Shamba linaendelea mpaka mtoni lakini huna pa kuandika sale lingine liko wapi. Tena patisheni kuu ni nne tu, ukitaka ya tano unaanza kuhangaika na patisheni za nyongeza.

Jedwali jipya ni GPT, linahesabu kwa biti 64 kwa hiyo ukubwa wa diski sio shida tena, lina nafasi za patisheni 128 kwa kawaida, halafu linaweka nakala yake ya pili mwishoni mwa diski, kama hati moja iko nyumbani na nyingine iko kwa mzee wa ukoo. (Na ile 3.6 badala ya 4 usimgombeze mtu, kiwanda kinahesabu kwa elfu, lsblk inahesabu kwa 1024.)

Tukahamishia picha kwenye diski nyingine kwanza, maana amri ya parted mklabel gpt inang'oa masale yote bila huruma. Kuna njia ya kugeuza MBR kuwa GPT bila kufuta, gdisk inafanya, lakini picha za harusi za watu siwezi kuziwekea rehani kwa umeme wa huku. Patisheni mpya nikaianzishia 1MiB (kama megabaiti moja toka mwanzo wa diski), sio sifuri, kwa sababu diski kubwa za siku hizi kwa ndani zinaandika vipande vya baiti 4096, ukianzia pasipolingana kila uandishi unagusa vipande viwili na diski inakuwa nzito hujui kwa nini.

Kama diski ni moja na unainstolia mfumo humohumo, mimi naweka kipande cha megabaiti 512 cha FAT32 kwa ajili ya kubuti, mfumo wenyewe gigabaiti 60 mpaka 100, swopu (nafasi ya kusaidia RAM ikijaa) kidogo, iliyobaki yote home, yaani sehemu ya mafaili yako. Home ikijitegemea, siku Ubuntu ikiharibika unafomati mfumo peke yake na picha hazijui kama kuna msiba. Ila usijifanye fundi ukakata vipande kumi, kesho kimoja kinajaa, na kupanua unahitaji nafasi tupu iliyopakana nacho, huwezi kuruka shamba la jirani. Mwenye mahitaji yanayobadilikabadilika atumie LVM, njia ya kugawa diski kwa mipaka inayohamishika, hiyo nayo ni habari ya siku nyingine.

Kitu kingine kinachokera: ext4, fomati ya kawaida ya Linux, inatenga asilimia 5 kwa ajili ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Kwenye patisheni ya mfumo ni sawa, inakuokoa ikijaa, lakini kwenye tera nne za picha hiyo ni kama gigabaiti 200 zimekaa bure. Nikapiga tune2fs -m 1 /dev/sdb1 (sdb1 ndo patisheni ya picha), asilimia ikashuka mpaka 1, zikarudi nyingi.

Mwisho kwenye fstab, faili linaloiambia mashine ipandishe diski zipi ikiwaka, usiandike sdb1, andika UUID, namba ya kipekee ya patisheni, unaipata kwa blkid, kwa sababu ukichomeka diski nyingine hayo majina yanaweza kubadilishana. Na diski ya data iongezee neno nofail, la sivyo siku umeichomoa mashine itaganda ikiisubiri, halafu ikutupe kwenye skrini nyeusi ya dharura uanze kupiga simu usiku.

Tukamaliza, dogo akaandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, mwenyewe, akaona 3.6T, meno yote nje. Halafu akanyamaza. Kumbe kabla ya kuja kwangu alishapita dukani kumfokea mangi mbele ya wateja.