Jumapili ya Damu ya Derry: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila mwisho wa Januari picha ileile huzunguka mitandaoni: padri ameinama, anapunga leso yenye damu ili wasipigwe risasi, nyuma yake wanaume wamembeba kijana wa miaka 17 anayekata roho. Padri ni Edward Daly, mji ni Derry, Ireland ya Kaskazini, siku ni 30 Januari 1972. Maelezo yanayobandikwa chini yake mara nyingi ni ovyo.

"Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wanauana."
Waliofyatua risasi ni jeshi la Uingereza, Kikosi cha Kwanza cha Askari wa Miavuli. Waliopigwa ni raia katika maandamano ya kupinga watu kutiwa kizuizini bila kesi, jambo lililoanza Agosti 1971. Waandamanaji karibu wote walikuwa Wakatoliki, hilo kweli, na ubaguzi dhidi yao katika nyumba, kazi na kura ulikuwepo. Ila ukiyaita mauaji hayo ugomvi wa madhehebu, umeshalitoa jeshi kwenye kisa.

"Aliyeamuru ni Kitson, yule wa vita vya Mau Mau."
Frank Kitson kweli alipigana Kenya miaka ya 1950, na mwaka 1972 aliongoza brigedi ya Belfast, ambako kikosi hicho kilitolewa. Lakini operesheni ya Derry ilikuwa chini ya brigedi nyingine, ya Brigedia MacLellan.

"Marehemu walikuwa na silaha."
Uongo huu ndio uliochoma kuliko yote, maana ulipigwa muhuri wa serikali. Jaji Mkuu Widgery alitoa ripoti Aprili 1972, wiki 11 tu baada ya mauaji. Akawakinga askari, akaacha shaka nzito kwamba baadhi ya waliouawa walishika bunduki au mabomu. Familia ziliishi na doa hilo miaka 38.

Uchunguzi mpya wa jaji Lord Saville uliundwa 1998, ukawasikiliza ana kwa ana mashahidi zaidi ya 900, na ripoti ikatoka 15 Juni 2010. Ilikiri kwamba wapo watu wachache wa IRA, kundi lenye silaha lililopinga utawala wa Uingereza, waliofyatua risasi siku hiyo. Lakini waliotangulia ni askari, na hakuna hata mmoja wa waliopigwa aliyekuwa tishio. Kuna waliopigwa wakikimbia, na wengine wakienda kumsaidia aliyeanguka. Askari wengi walidanganya mbele ya uchunguzi. Siku hiyohiyo Waziri Mkuu David Cameron aliomba radhi bungeni, huku umati ukimfuatilia kwenye skrini nje ya Guildhall, jengo ambalo maandamano ya 1972 yalikusudia kufika.

"Hata idadi hawaijui: mara 13, mara 14."
Kumi na watatu walikufa siku ileile, sita kati yao wakiwa na miaka 17. Mwingine, aliyejeruhiwa, alifariki Juni, naye husomwa pamoja nao.

"Ni ile ya uwanja wa mpira."
Hapana, hiyo ni Jumapili ya Damu nyingine, ya uwanja wa Croke Park, Dublin, Novemba 1920.

"Kumbukumbu yao ni mkutano wa IRA."
Nenda ukaone: ni mashada ya maua kwenye mnara wa mtaa wa Rossville na majina yanayosomwa moja moja. Mwaka 2022, miaka 50 ilipotimia, Waziri Mkuu wa Ireland aliweka shada pale. Kuna pia maandamano kutoka Creggan, mtaa wa Derry, na hapo ndugu wa marehemu hawako pamoja: baada ya radhi ya 2010 baadhi ya familia ziliona yatosha, nyingine zikaendelea kuandamana. Binafsi sioni ajabu. Msiba mmoja haulazimishi watu wote kuomboleza kwa namna moja.

"Radhi ilifunga kesi."
Askari mmoja tu, anayetajwa kama Askari F, ndiye aliyepandishwa kizimbani kwa mauaji hayo. Oktoba 2025 mahakama ya Belfast ilimwachia. Jaji alisema askari wale walipoteza kabisa nidhamu ya kijeshi, lakini ushahidi dhidi ya mshtakiwa haukutosha. Mpaka sasa hakuna askari aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya siku ile.