Nusu saa ya maji: safari na shangazi katika falaji za Oman

Kazi yangu ni maji. Kwa zaidi ya miaka 20 nimeshughulika na mabomba, matangi na ratiba za mgao Unguja na Pemba, kwa hiyo popote ninapokwenda jicho langu hutafuta kwanza maji yanatoka wapi na nani anayafungulia. Aprili nilikwenda Muscat kumtembelea shangazi yangu, dada wa baba, ambaye aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka 11 na kufika Oman mwaka 1971, wakati Sultan Qaboos alipowafungulia mlango watu wenye asili ya huko waliokuwa Afrika Mashariki. Nyumbani kwake Kiswahili kinasemwa kuanzia mlangoni mpaka jikoni. Wajukuu wanachanganya na Kiarabu, lakini bibi yao hakubali kujibiwa "shikamoo" kwa lugha nyingine.

Nilimpelekea karafuu kilo mbili na biskuti alizoniagiza kwa simu mara tatu. Yeye alikuwa na mpango wake: siku ya pili twende kwenye mlima wa Jabal Akhdar kuona mawaridi, kwa kuwa Aprili ndio msimu wa kuyachuma na kukamua marashi. Tukatoka alfajiri, mimi, shangazi na mwanawe aliyeendesha gari lake dogo la mjini. Kutoka Muscat kuelekea Nizwa njia ni pana na nzuri, kama kilomita 140 hivi mpaka Birkat al-Mawz, mji ulioko chini ya mlima. Hapo ndipo penye kizuizi cha polisi, na askari alitazama magurudumu yetu, akatusalimia kwa adabu, akatuambia tugeuze. Barabara ya kupanda mlimani hairuhusiwi ila kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne, kwa sababu wakati wa kushuka breki hushika moto na watu wameshapoteza maisha hapo. Kila anayepanga safari hiyo alijue hilo kabla ya kutoka nyumbani, maana sisi tulilijua tukiwa tumeshafika.

Shangazi alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi twende kwa shemeji yangu, hatujamwona tangu Idi." Marehemu mumewe alikuwa mzaliwa wa Birkat al-Mawz, na kaka yake bado anakaa hapo, ndani ya mitende. Mimi nilimwita Ami, kama tunavyowaita Unguja. Kwa kugeuzwa kule nikapata siku ambayo hakuna wakala wa utalii angeweza kuniuzia.

Birkat al-Mawz maana yake ni birika la ndizi, na kweli migomba imejaa chini ya mitende. Katikati ya mji unapita Falaj al-Khatmeen, mojawapo ya falaji tano, yaani mifereji ya kale ya kuleta maji, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006 kwa niaba ya falaji zipatazo 3,000 ambazo bado zinafanya kazi Oman. Shangazi amepita pembeni mwa maji yale kwa nusu karne. Ameyafulia nguo za watoto, amewaosha miguu, ameona vile visamaki vidogo vinavyodonoa vidole. Nilipomuuliza yanatoka wapi, akaonyesha mlima kwa kidevu: "Huko."

Nikamwambia twende tukaone. Ami akachukua fimbo yake.

Falaji ya aina hii huitwa daudi, kwa jina la Nabii Suleiman bin Daud. Wazee wa Oman husimulia kwamba alipita nchini mwao akiruka angani, akaona ukavu, akawaamuru majini wake wachimbe mifereji 10,000 kwa siku kumi. Fundi anayejua kazi hii anaelewa kwa nini watu waliona lazima kuwe na majini. Chini ya mlima, kwenye kokoto zinazonyonya mvua, huchimbwa kisima kimoja kirefu mpaka kufikia maji. Hicho ni umm al-falaj, mama wa falaji. Kutoka hapo linachimbwa handaki chini ya ardhi kuelekea kijijini, na ufundi wote uko kwenye mteremko wake. Ardhi ya juu inashuka kwa kasi, handaki linashuka polepole zaidi, kwa hiyo mwisho wake vinakutana na maji yanachomoza juani yenyewe, bila pampu, bila mota, bila dizeli. Ukizidisha mteremko, maji yanakula kuta na paa linaanguka. Ukiupunguza, tope linatua na njia inaziba. Mimi nina vifaa vya leza vya kupimia mteremko na bado hukosea sentimita. Hawa walipima gizani, kwa taa ya mafuta na kamba.

Kila baada ya mita kadhaa kuna tundu lililoshuka mpaka handakini, kwa ajili ya hewa na kutolea udongo wakati wa kuchimba na kusafisha. Ukiyaona kutoka mbali yanafanana na mstari wa vichuguu. Tulitembea tukiyafuata mpaka jua likawa kali, shangazi akishika mkono wangu kwenye mawe. Kwenye moja Ami alidondosha kijiwe, tukasubiri, tukasikia kinagusa maji. Shangazi akacheka kama msichana, akataka arushe na yeye.

Tuliporudi kijijini niliinama kutazama ukingo wa mfereji. Umepakwa plasta ya udongo uliochomwa na kusagwa ukachanganywa na chokaa, inayokuwa ngumu zaidi kadiri inavyokaa kwenye maji. Nikamuuliza Ami inaitwaje. "Saruj." Neno tunaloandika kwenye kila mfuko wa simenti nyumbani, saruji, liko pale likishika maji tangu kabla simenti ya viwandani haijazuliwa.

Na haikuwa saruji peke yake. Falaji ina mkuu wake, naye huitwa wakili. Anayesimamia zamu za kila siku ni arifu. Anayetunza fedha ni amini wa daftari, na anayeuza maji ya ziada kwa mnada ni dalali. Kiarabu changu ni cha msikitini tu, lakini ofisi nzima ya maji niliifahamu kwa Kiswahili kabla sijafasiriwa. Shangazi alifurahi sana kwa hilo. Alikuwa akifundishwa maneno haya na mume wake kama mambo ya kigeni, kumbe mama yake alikuwa akiyasema Malindi, Unguja, kila siku.

Sasa niseme jambo lenyewe, maana ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Mji mzima hupanga matumizi kufuata mwendo wa maji. Yanapochomoza tu juani ni mahali pa kuchota ya kunywa, na hapo hakuna anayeruhusiwa kuosha kitu. Yakishuka yanapita msikitini kwa udhu, kisha mabafu ya wanaume, kisha ya wanawake, kisha mahali pa kuoshea maiti, ndipo yaende mashambani. Maji ya kunywa na ya nyumbani hayana mwenyewe na hayalipiwi. Ya shamba yana wenyewe, na wanachomiliki ni muda. Kipimo chao ni athar, ambayo ni nusu saa hivi. Athar 24 zinafanya badda moja, yaani nusu ya siku. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Leo wengi wanatumia saa ya mkono. Mzunguko ukiisha, baada ya wiki moja au mbili kulingana na kijiji, unaanza upya.

Kwa nini muda na si ujazo? Chukua mfano. Tuseme mfereji unatoa lita 60 kwa sekunde. Mwenye athar moja anapata lita 108,000. Ukame ukiingia na mfereji ukashuka hadi lita 20, anapata 36,000. Jirani yake mwenye athar tatu naye ameshuka kwa uwiano uleule, hadi theluthi ya alichokuwa nacho. Ukame wameugawana sawasawa kabla hakijaitwa kikao. Lau kila mmoja angeahidiwa lita kadhaa, wa mwanzo angechukua zake zote na wa mwisho angebaki na mchanga.

Na hapo ndipo nilipoona kosa letu, ninaloliishi kazini. Kwenye mgao wa mabomba tunamfungulia mtaa mzima kwa pamoja. Wa karibu na tangi wanajaza mapipa, presha inaanguka, na nyumba ya mwisho inapata upepo. Tunaita hilo upungufu wa maji, na mara nyingi ni upungufu wa mpangilio. Falaji inafanya kinyume: mkondo wote, wote kabisa, unapewa mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo unafika kwa nguvu hata kwenye mtende wa mwisho. Sisemi tung'oe mabomba. Nasema nimeanza kuchora upya ratiba ya vijiji viwili ninavyovisimamia, vipande vidogo zaidi na zamu kali zaidi, na shangazi ndiye aliyenifikisha hapo.

Lipo na jambo la matengenezo, ambalo kamati zetu nyingi hufia hapo. Falaji yenyewe inamiliki athar zake. Dalali anazinadi kwa wenye shida ya maji ya ziada, na fedha inakwenda kusafisha handaki. Nyingine ni wakfu wa msikiti, nyingine wa futari ya Ramadhani. Kwa hiyo fedha ya fundi inatoka kwenye maji yenyewe, mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayepita nyumba kwa nyumba na bakuli. Adui mkubwa wa sasa ni visima vya pampu, ambavyo vikichimbwa karibu na mama wa falaji hushusha maji chini ya handaki. Wazee walikuwa na harimu, eneo lililokatazwa kuchimba. Pasipoheshimiwa harimu, mfereji hukauka.

Mlimani tulifika siku iliyofuata, kwa gari la kukodi na dereva anayeijua njia. Uwanda wa Saiq uko kama mita 2,000 juu ya bahari, baridi yake ilimfanya shangazi ajifunge khanga mbili, na ngazi za mashamba ya mawaridi zinaning'inia juu ya korongo. Tuliona petali zikichemshwa ndani ya chungu, mvuke ukigusa sufuria ya maji baridi na kudondoka ndani ya chombo, tone kwa tone. Shangazi alinunua chupa ya kutia kwenye mrashi wangu wa nyumbani. Palikuwa pazuri. Nizwa nayo, mnada wa mbuzi wa Ijumaa asubuhi, wauzaji wakizunguka na mbuzi wao katikati ya wanunuzi, nao mzuri. Lakini nilitaka kurudi kwa Ami, kwa sababu alikuwa ameniambia zamu ya familia inaangukia saa kumi alfajiri Jumamosi.

Tulilala kwake. Shangazi alikataa kubaki kitandani. Saa tisa na nusu tulikuwa tumesimama kwenye njia ya mitende, tochi moja, yeye na viatu vya mpira vya mtoto wa Ami. Mlango wa maji wa shamba lile ni jiwe bapa tu, limezungushiwa kitambaa cha zamani na kusiliwa kwa udongo. Ami alikuwa akitazama saa yake. Ilipotimu akamwambia, "Haya, wewe leo." Shangazi akainama, akavuta kitambaa, akaling'oa jiwe kwa mikono miwili, akalisimamisha kwenye njia kuu. Maji yakasita, yakajikusanya, yakageuka yote kwa mara moja yakaingia shambani na sauti kama ya mkeka unaokunjuliwa. Yalikimbia kwenye vifereji vidogo kutoka shina hadi shina. Akasimama ndani yake mpaka kwenye vifundo vya miguu, akanyamaza.

"Miaka yote hii," akaniambia baadaye, "mume wangu akisema anakwenda kwenye maji, nikimuona anachelewa tu kulala."

Karibu na mwisho wa nusu saa niliona tochi nyingine upande wa pili wa mfereji. Jirani alikuwa amekuja, amesimama, hajasema kitu ila salamu. Mitende miwili ya mwisho ya Ami ilikuwa haijashiba vizuri, nami niliona vifereji vyake bado vikavu nusu. Ami akatazama saa, akachukua jiwe, akalirudisha mahali pake na kulikandika udongo kwa kiganja, na maji yakaenda kwa jirani.

"Na ile miwili?" nikamuuliza.

"Wiki ijayo tutaanza nayo," akasema, akajipangusa mikono, tukaenda kuswali.