Saa Tisa Usiku Wodini: Maswali na Majibu Kuhusu Chatiboti na Afya ya Akili ya Mwanafunzi wa Uuguzi

Kwa nini mafunzo ya wodini huwalemea wanafunzi kuliko masomo ya darasani?

Darasani ukikosea hesabu ya dawa unapoteza alama. Wodini kosa hilo hilo linampata mgonjwa mwenye jina, na ndugu zake wako nje wanasubiri. Juu ya hapo kuna zamu za usiku, kuhamishwa wodi kabla hujaizoea, na kukemewa mbele ya wagonjwa.

Halafu kuna kifo cha kwanza. Umemhudumia mtu siku tatu, unajua hata ubavu anaopenda kulalia. Siku ya nne unaambiwa uvae glavu usaidie kuuandaa mwili, na muda mfupi baadaye unatakiwa ukapime presha kitanda cha jirani. Wengi hulia chooni, wananawa uso, wanarudi kazini. Hakuna aliyewauliza neno.

Chatiboti ni nini hasa?

Ni programu unayoiandikia ujumbe nayo ikakujibu. Ziko za aina mbili, na ni muhimu kujua unatumia ipi. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya afya ya akili. Nyingi kati ya hizo hufuata tiba ya fikra na tabia, yaani kuyachunguza mawazo yanayokuumiza na kubadili unavyotenda, na majibu yake huandaliwa au kuchujwa na wataalamu. Zipo pia za jumla, kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022, ambazo hutunga sentensi papo hapo kwa kukadiria neno linalofuata. Hizi za pili huongea kwa ufasaha zaidi, ndiyo maana ni rahisi kuziamini kupita kiasi.

Kuziamini hivyo hakukuanza leo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza programu yake iitwayo ELIZA, iliyokuwa ikigeuza maneno ya mtu kuwa maswali. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alianza kuzungumza nayo kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani awaache faragha.

Kuna ushahidi kwamba zinasaidia?

Upo, ila tusiuvute kupita urefu wake. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwagawa kwa bahati nasibu vijana 70 wenye umri wa miaka 18 hadi 28: wengine walitumia chatiboti ya Woebot, wengine wakapewa kitabu cha kielektroniki kuhusu sonona. Baada ya wiki mbili, dalili za sonona zilipungua zaidi kwa waliotumia Woebot. Mwaka 2025 jaribio la chatiboti nyingine, Therabot, lililohusisha watu wazima 210, nalo lilionyesha nafuu, lakini humo watafiti walikuwa wakifuatilia ujumbe ili waingilie kati pakitokea hatari. Simu yako haina mtu wa namna hiyo nyuma yake.

Na programu hizi huondoka. Woebot yenyewe ilifungwa Juni 30, 2025.

Basi inaweza kunifaa nini, zamu imeisha na sipati usingizi?

Tuseme umeandika: "Nimechelewa kutoa dawa ya saa nne. Sifai kuwa muuguzi." Chatiboti nzuri haikimbilii kukusifu. Inakuuliza: sentensi ya kwanza ni jambo lililotokea, je, ya pili nayo ni jambo lililotokea, au ni hukumu uliyojipa? Ni swali dogo, lakini saa tisa usiku, wenzako wote wamelala, linaweza kukupunguzia mzigo hadi asubuhi. Inaweza pia kukuongoza kupumua taratibu, au kupanga namna ya kulala mchana baada ya zamu ya usiku.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni haya: ikusaidie kupata maneno ya kumwambia mtu. Mwanafunzi aliyelemewa mara nyingi hajui aanzie wapi. Iambie chatiboti ikuandalie ujumbe mfupi kwa mkufunzi, kisha uurekebishe uwe wako: "Mwalimu, tangu Jumanne silali vizuri, na naogopa kugawa dawa. Naomba tuzungumze kabla ya zamu ya kesho." Utume.

Naweza kuielezea habari za mgonjwa?

Hapana. Usiandike jina, usipige picha faili. Hata "mama wa kitanda cha sita aliyejifungua mapacha jana" anatambulika. Andika yanayokuhusu wewe: "Leo nimeshuhudia kifo, mikono bado inatetemeka." Kumbuka pia kwamba maneno yako huhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, na chatiboti haikula kiapo cha kutunza siri.

Na kipimo cha dawa, niiulize?

Usiiulize. Muulize muuguzi wa zamu au mfamasia.

Nitajuaje kwamba chatiboti haitoshi tena?

Ukikosa usingizi, hamu ya kula au furaha kwa siku nyingi kati ya wiki mbili, nenda kwa mshauri nasaha au daktari. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina maswali tisa, na la mwisho huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama jibu lako kwa swali hilo si "hapana kabisa", mtafute mtu leo hii, usibaki peke yako. Kama uko zamu, idara ya dharura iko hospitali hiyo hiyo. Nenda, wewe pia una haki ya kuwa mgonjwa.

Mwaka 2023 shirika moja la Marekani la kusaidia wenye matatizo ya ulaji liliiondoa chatiboti yake, Tessa, baada ya kulaumiwa kwa kuwapa watu hao ushauri wa kupunguza uzito. Kwa aliye taabani, ushauri wa namna hiyo ni hatari.

Mimi ni mkufunzi. Chuo kinataka kuwapa wanafunzi chatiboti. Nianzie wapi?

Anza na dakika kumi za kukaa nao baada ya kifo au kosa wodini. Chatiboti isichukue nafasi ya dakika hizo; ije baada yake. Kisha, kabla hawajaandika neno la kwanza, waambie wazi nani anasoma ujumbe wao, unahifadhiwa kwa muda gani, na kama utagusa alama zao. Ukiona huwezi kujibu hayo matatu, usiwape bado.