Je, wajua kesi ya kuendesha gari umelewa Marekani inaweza kuisha bila mtu kuuliza kama dereva alilewa?

Watu wengi wakisikia dereva huko Marekani kapulizishwa kipimo cha pumzi kikasoma asilimia 0.12 ya kilevi kwenye damu wakati mwisho ni 0.08 (jimbo la Utah ni 0.05), halafu kesi ikafutwa, jibu la haraka ni kwamba wakili kacheza na jaji au jamaa ana hela. Sio hivyo. Kabla kesi yenyewe haijaanza kusikilizwa kuna hatua ya maombi ya awali, ambapo wakili anamuomba jaji azuie ushahidi fulani usipokelewe, na siku ya kusikiliza ombi hilo swali la kama mteja wake alikuwa chakari halipo mezani kabisa. Anayebanwa ni polisi. Ulimsimamisha kwa nini? Uliona nini kabla hujawasha taa zako? Na kwa kuwa polisi alimsimamisha bila kibali cha mahakama, kwa kawaida ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu halali.

Kuna na ile imani nyingine ya kwenye sinema, kwamba polisi akisahau kukusomea haki zako za kukaa kimya basi kesi imekwisha hapo hapo. Hapana. Tangu 1984, kwenye kesi ya Berkemer v. McCarty, Mahakama ya Juu ilishasema maswali ya kawaida pale kando ya barabara, kama "umekunywa bia ngapi?", hayahitaji kusomewa haki kwanza. Haki zinaanza kudai kusomwa ukishakuwa chini ya ulinzi na unahojiwa, na hata zisiposomwa kinachoondolewa kwenye ushahidi ni maneno yako, kipimo cha pumzi kinabaki palepale. Watu wanaweka matumaini yao yote kwenye hilo wakati mlango wenyewe uko kwingine, kule nyuma kwenye dakika ya kwanza kabisa.

Msingi wa ombi la kuzuia ushahidi ni Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanayokataza kukamata na kupekua watu bila sababu ya msingi, na baadaye Mapp v. Ohio ya 1961 ikazibana mahakama za majimbo yote zisipokee ushahidi uliopatikana kwa kuyavunja.

Sasa angalia inavyofanya kazi. Saa saba usiku polisi anasimamisha gari. Dereva anashusha kioo, harufu inatoka, macho mekundu. Anaambiwa ashuke atembee hatua 9 kwenye mstari, kisigino kwa kidole, ageuke arudi 9, anayumba. Anakamatwa, anapelekwa kituoni anapuliza, namba inatoka. Kila hatua imepata uhalali wake kwenye hatua iliyotangulia. Ni kama sufuria la wali uliobandikwa kwa maji yenye mafuta ya taa: mchele ulikuwa safi, moto uliangaliwa vizuri, mpishi hakukosea popote baadaye, lakini hakuna punje hata moja unayoweza kuiokoa kwa sababu yote ilipitia maji yale. Kusimamishwa ndio maji. Jaji akisema gari lilisimamishwa bila sababu basi harufu, kutembea, kukamatwa na namba vinaondolewa vyote kwenye ushahidi, hata kama namba ilikuwa sahihi kabisa. Mashtaka wakiwa na sufuria lingine lililopikwa kando kwa maji yake, tuseme shahidi aliyeona mwenyewe dereva anayumba baa na kuingia kwenye gari, hicho kinalika.

Ila kabla mtu hajafurahi sana, sababu inayotakiwa ni ndogo. Taa ya nyuma iliyoungua inatosha, na Whren v. United States ya 1996 inasema hata kama nia ya polisi ilikuwa nyingine, kosa dogo la barabarani alilolishuhudia linamlinda. Vizuizi vya barabarani vya kusimamisha magari kutafuta madereva walevi viliruhusiwa 1990 chini ya katiba ya nchi, ingawa baadhi ya majimbo yamevikataa kwa sheria zao wenyewe. Kwa hiyo mara nyingi vita inakuwa juu ya video ya kwenye gari la polisi: ripoti inasema gari lilivuka mstari mara kadhaa, video inaonyesha tairi limeugusa mara moja tu kwenye kona, na jaji anairudisha nyuma kuangalia tena.

Damu nayo ina habari yake. Birchfield v. North Dakota ya 2016 iliruhusu kupima pumzi baada ya kukamatwa halali bila kibali, lakini damu inahitaji kibali, au ridhaa, au dharura ya kweli, kwa sababu sindano inaingia mwilini.

Kinachonivutia kuliko vyote ni kipimajoto. New Jersey mashine za kupima pumzi zinahakikiwa kwa kimiminika kinachotakiwa kuwa na joto la nyuzi 34, na utaratibu ulidai joto hilo lithibitishwe kwa kipimajoto maalum. Ikaja kugundulika askari mmoja mhakiki wa mashine alikuwa anairuka hatua hiyo. Mwaka 2018, kwenye State v. Cassidy, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema matokeo ya zaidi ya watu 20,000 hayawezi kutegemewa kama ushahidi! Sio kwamba wote waliachiwa, maana polisi bado angeweza kueleza alichokiona kwa macho, lakini namba ziliondolewa.

Kenya nao wana kanuni ya kuzuia ushahidi ya jamii hiyo, ibara ya 50(4) ya Katiba ya 2010, ila pale jaji anapima kwanza kama kuupokea ushahidi kutaharibu haki.

Na leseni ni shauri lingine kabisa. California, ofisi ya magari inaifungia leseni kwa utaratibu wake bila kusubiri mahakama, na dereva ana siku 10 tu tangu kukamatwa kuomba asikilizwe, kwa hiyo kuna watu wanashughulika na ombi la mahakamani wiki nzima ya pili huku dirisha la leseni limeshafungwa.