Nani Kalipa Nauli?

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea mswada wa riwaya, kurasa 140, akaniomba niusome kabla hajaupeleka kwa mchapishaji. Mhusika wake anatoka Kasese, anashuka Kampala na begi moja, anapanga chumba Ntinda, anapenda, anaachwa, analazwa hospitali, anapona, anapenda tena. Lugha safi, methali zimekaa mahali pake. Nilipofika ukurasa wa 60 ndipo nikakijua kilichokuwa kinaniwasha tangu mwanzo: bwana huyu hajalipa hata shilingi moja. Basi la kutoka Kasese kapanda bure. Chumba cha Ntinda kakipata kama mtu aliyeokota embe njiani. Nikachukua penseli, nikaandika pambizoni: "Nani kalipa nauli?" Hadi kufika mwisho nilikuwa nimeliandika swali hilo, au ndugu zake, mara 31.

Kijana alikasirika, ila kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "hii ni hadithi ya mapenzi. Si hesabu za duka."

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, na miswada ya watu naisoma jioni na wakati wa likizo. Swali la unapenda riwaya za aina gani huwa nalikwepa, natupa jina la mwandishi mmoja mkubwa na mambo yanaishia hapo. Kijana huyu hakuniuliza, ila alinishika pabaya, maana alichosema ndicho hasa ninachokipenda. Hesabu za duka.

Tuelewane. Sisemi dhamira ya umaskini au matabaka, zile tunazowaandikisha wanafunzi wakajibu mtihani. Riwaya inaweza kulia juu ya umaskini kurasa 300 na usijue mkate unauzwaje. Ninachotaka ni pesa inayohesabika: noti iliyokunjwa mara nne, deni la mwezi uliopita, chenji. Mwandishi akiniambia "Nakato alikuwa maskini", sawa, nimesikia. Akiniambia Nakato alisimama kwa muuza rolex, ile chapati inayoviringishiwa mayai, akaomba chapati tupu, akasema siku hizi mayai yanamsumbua tumbo, hapo nimemwona. Nimejua alichonacho mkononi, nimeijua na fahari yake. Tena mwandishi akiwa hodari atamfanya muuza chapati asiulize kitu, aendelee kukanda unga wake, nami nitajua kwamba tumbo la Nakato limekuwa likisumbuka tangu Jumatatu.

Ugonjwa huu niliupata Tororo. Baba Mjopadhola, mfanyakazi wa reli. Mama Msamia wa upande wa Busia. Lugha zao hazikukutana, wakakutana wao kwa Kiswahili, na sisi watoto tukazaliwa humo humo. Mama alikuwa na duka dogo la dirisha moja karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli, na chini ya mizani palikaa daftari la mkopo. Kabla sijasoma kitabu chochote cha hadithi nilisoma daftari lile. Sukari nusu kilo. Mafuta ya taa, chupa moja. Sabuni kipande. Mbele ya kila kitu jina, na mara nyingi si jina bali "mama fulani" au "fundi wa kona". Ukilifuatilia kwa wiki mbili tatu ulijua mambo ambayo hakuna aliyekuambia: nyumba gani imepata mgeni, kwa sababu majani ya chai yameongezeka ghafla; nyumba gani baba hayupo tena, kwa sababu sigara zimekoma. Kuna mama mmoja alianza kuchukua sabuni ya kuogea yenye harufu nzuri, yeye ambaye miaka yote alichukua kipande cha sabuni ya kufulia. Mama yangu aliandika bila kuinua uso. Nilisubiri miezi kujua mwisho wa hadithi ile, sikuujua, na hadi leo napenda riwaya zinazoniacha hivyo.

Mwezi Mei 1987 Serikali ilibadilisha pesa. Sifuri mbili zikakatwa, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, na kila aliyebadilisha akakatwa asilimia 30 juu yake. Mama alikaa usiku na taa ya kandili na kalamu nyekundu, akifuta sifuri mbili mbele ya kila jina. Asubuhi mdeni mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akaja na hoja: kwa kuwa Serikali imekata asilimia 30 ya pesa za kila mtu, basi na deni lake likatwe kiasi hicho hicho. Walibishana kutwa nzima. Yeye alisema "shemeji, haki ni haki", mama akasema "shemeji, sukari uliyokunywa Serikali haikuikata." Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimekaa juu ya gunia la chumvi, na hadi leo sijasoma mazungumzo ya riwaya yaliyonikolea kuliko yale.

Kwa hiyo nilipokutana na Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, nilijiona niko nyumbani ingawa bandari ya Unguja sijawahi kuiona. Ni riwaya ya wapagazi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948, na Rashidi, kijana wake mkuu, anaingia kwenye kazi ile ile ya kubeba mizigo iliyokuwa ya baba yake. Darasani inasomwa kama riwaya ya ukombozi, na ni kweli. Ila kinachonishika mimi ni kwamba mgomo ule unaanzia kwenye ujira: mzigo una uzito, siku ina bei, na mtu anajua bei hiyo haitoshi kabla hajajua neno "unyonyaji". Siasa inapanda ngazi kutoka tumboni. Waandishi wengi huishusha kutoka juu, mhusika anahutubia kwanza, njaa inafuata baadaye kama ushahidi.

Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) ni mfano wangu ninaoupenda zaidi, na ningemtupia yule kijana wa mswada kama jibu lote. Ni hadithi ya mapenzi, hakuna ubishi. Kuna Bahati, binti anayetamani kupendwa. Kuna Idi, kijana mtanashati. Kuna Mwinyi, mzee mwenye mali. Toa pesa humo uone kitakachobaki. Hakuna kitu. Kila neno tamu la Idi lina mkono wa mtu mwingine nyuma yake, na msomaji anajua huku binti hajui, na ndiyo maana inauma. Pesa si mandhari ya mapenzi yale, ndiyo inayoyasukuma kutoka sura moja hadi nyingine. Mtaalamu wa fasihi ataniambia hiyo inaitwa kejeli ya kitamthilia. Sawa. Mimi naiita kujua nani kalipa nauli.

Mtu atasema, na Kusadikika je? Shaaban Robert aliitoa mwaka 1951, nchi nzima inaelea angani, Karama anasimama barazani kujitetea kwa kosa la kufundisha sheria, na sikumbuki mtu akinunua hata ndizi. Nakiri. Naipenda na inavunja kanuni yangu. Labda ni kwa sababu Karama naye anahesabu: anawataja wajumbe mmoja baada ya mwingine, safari zao na malipo mabaya waliyorudishiwa, na baraza linalazimika kusikiliza hesabu hiyo. Au labda nchi inayoelea angani haina soko na mimi nimeamua kuisamehe. Ladha ya mtu si katiba.

Hadithi za upelelezi nazipenda kwa sababu hiyo hiyo, vitu vidogo vinasema. Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) alinifundisha kutazama viatu vya mtu kabla ya uso wake. Riwaya za majaribio, zile ambazo wahusika hawana majina na wakati haujulikani, nimezisoma kwa sababu ya kazi. Nagona ya Kezilahabi nimeirudia mara mbili kwa heshima zote, na mara zote mbili nimebaki nje ya mlango. Wenzangu wanasema nimebaki kwa sababu natafuta bei ya unga. Huenda.

Ndoto za usiku katika riwaya naziruka. Ukurasa ukianza "Aliota yuko kwenye uwanja mpana", mimi nafungua unaofuata.

Kuna jambo jingine, na hili ni la kwetu Uganda. Katika riwaya nyingi za hapa nilizosoma, zile za Kiingereza, Kiswahili huingia ukurasani kimevaa buti. Wahusika wanaongea maisha yao yote kwa lugha nyingine, halafu kunatokea kizuizi barabarani au mlango unagongwa usiku, na hapo ndipo unakisikia: toka, lala chini, lete kitambulisho. Siwalaumu waandishi. Kiswahili kilikaa jeshini tangu enzi za wakoloni, na mwaka 1973 Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, watu wengi walikuwa wamekwisha kukisikia kwenye vinywa wasivyovisahau. Aliyeyapata hayo ayaandike kama alivyoyasikia. Lakini mimi Kiswahili nilikisikia kwanza kikipima sukari. Kiswahili cha amri kina maneno manne matano. Cha dukani kina kusihi, kutania, kukopa, kuficha, kukumbushia bila kuaibisha, na neno "shemeji" kwa mtu asiye shemeji yako ili asikuongezee bei. Natafuta riwaya ya Uganda ambayo Kiswahili chake kimevaa ndala. Busia, Malaba, Bombo, Jinja, lugha hiyo iko kila siku, na kwenye vitabu nilivyovipata haipo, au ipo kwa sentensi moja.

Hapo ndipo pia ninapogombana na miswada. Bibi wawili wa Mukono wanateta uani kwa Kiswahili sanifu cha redio. Hao wanaongea Kiganda, jamani. Mwandishi wa Kiswahili afanye nini? Aseme mara moja kwamba wanaongea Kiganda, kisha awape Kiswahili chenye mwendo wa wazee wanaoteta, basi. Neno kama "ssebo" aliache. Kinachoniudhi ni mhusika anayesema neno la Kiganda na papo hapo analitafsiri, kana kwamba nyuma yake amesimama mtalii. Jennifer Nansubuga Makumbi katika Kintu, riwaya ya Kiingereza iliyotoka mwaka 2014, ameyaacha maneno mengi ya Kiganda yasimame yenyewe, na waliosoma mbali na hapa hawakufa.

Kuvipata vitabu vyenyewe ni hadithi nyingine. Tangu Baraza la Mawaziri liamue Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, naulizwa kila mwezi nipendekeze riwaya. Napendekeza, mtu anazunguka mji mzima, anarudi na kitabu cha sarufi. Mimi vyangu vingi vimekuja na mabasi kutoka Nairobi, au kutoka Dar es Salaam kupitia Mutukula. Mara moja nililipia usafirishaji zaidi ya bei ya kitabu, kikafika kimelowa mchuzi wa abiria. Nimekitunza. Ukurasa wa 88 bado unanukia bizari.

Yule kijana wa mswada alikaa kimya miezi mitano, nikajua nimempoteza. Kisha akaniletea mswada upya. Umepungua, kurasa 112. Mhusika sasa anafika stendi akiwa na shilingi 38,000, na anazigawa sehemu tatu: soksi, mfuko wa shati, kati ya kurasa za Biblia. Mwenye nyumba wa Ntinda anahesabu kodi mara mbili, mara ya pili kwa kidole kilicholambwa. Nikasoma usiku mmoja, penseli ikiwa sikioni bila kazi.

Karibu na mwisho anampeleka msichana kwao kwa bodaboda. Wamekubaliana 2,000. Anatoa noti ya 5,000, dereva anamrudishia 2,000, anaitia mfukoni, anaaga, sura inaisha. Nikaishika penseli kwa furaha ya mwalimu aliyepata kosa na kuandika: "Chenji pungufu." Nikampigia picha ukurasa na kumtumia kwa simu.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. "Najua, Mwalimu. Na yeye anajua. Msichana alikuwa anamtazama."