Trekta dogo haliwaki? Usikimbilie kubadili pampu

Trekta dogo lililotumika, Kubota au Yanmar la silinda 3, likikaa muda mrefu bila kuwashwa, stata huzunguka lakini injini haiwaki. Wengi husema pampu ya dizeli imekufa. Mara nyingi ni nzima. Mfumo wa dizeli umeingia hewa. Dizeli haibonyei, hewa hubonyea, kwa hiyo pampu husukuma bure na nozeli, zinazopuliza dizeli ndani ya injini, hazifunguki.

Mwaga dizeli ya zamani, osha tangi, badili filta. Kagua mipira inayopitisha dizeli kabla ya kuendelea: ufa mwembamba kama unywele, hasa pale klipu inapobana, unaweza usivujishe hata tone na bado ukanyonya hewa. Hapo ndipo mafundi wengi hupoteza siku nzima.

Jaza tangi, legeza skrubu ya hewa juu ya filta mpaka mapovu yaishe, kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu. Kisha legeza nati za mabomba pale kwenye nozeli, piga stata sekunde 10, ipumzishe dakika 1, rudia mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Mikono iwe mbali: dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi.